Jagi la mvinyo na matunda si ubahili

KIANGAZI kinapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, sherehe katika nchi yetu ya Burundi hufuatana kama shanga katika uzi. Kuna harusi, kuna kupeleka mahari, kuna kipaimara, kuna watoto kumaliza shule. Na kwa sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, kuna sherehe nyingine ambayo majirani wengi hawaijui: ile ya kuingia katika nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja ambacho mtu amekipata baada ya miaka ya kuzungushwa.

Katika sherehe zote hizo mgeni hahesabu viti wala sahani. Anahesabu kreti za bia. Zikiwa nyingi, mwenye sherehe ni mtu. Zikiwa chache, kesho yake atasemwa sokoni. Na kwa mtu aliyerudi, maneno hayo huwa makali zaidi, kwani huambiwa kwamba huko alikotoka hakuleta kitu.

Matokeo yake tunayafahamu. Mama anayeuza matunda mpakani Mugina, ambaye mtaji wake wote unaingia katika vikapu sita, anakopa kreti dukani ili amwoze binti yake kwa heshima. Jumamosi wageni wanakunywa, Jumapili wanamsifu, na Jumatatu hana kikapu hata kimoja. Mtaji aliouzungusha kwa miaka mitatu umemalizika jioni moja, na mwenye duka anadai.

Hoja yangu leo ni ndogo na ni ya jikoni, lakini naomba isidharauliwe. Nasema kwamba badala ya kumpima mwenye sherehe kwa idadi ya chupa, tujifunze kuwakaribisha wageni kwa jagi moja kubwa la mvinyo uliochanganywa na matunda. Kinywaji hicho kina jina lake huko Ulaya. Kinaitwa sangria.

Sangria ni kinywaji cha Wahispania na Wareno. Jina lake linatokana na neno la Kihispania lenye maana ya damu, kwa sababu ya wekundu wake. Si kinywaji cha wafalme. Ni mvinyo wa kawaida, mara nyingi ule usiojivunia sana, uliotiwa vipande vya machungwa na ndimu, sukari kidogo na maji au soda, ukanywewa baridi wakati wa joto. Waamerika wengi walikionja kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya kimataifa ya New York mwaka 1964, kwenye banda la Hispania, na tangu hapo kimeenea dunia nzima.

Leo hii kinalindwa kisheria. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, sangria inayouzwa katika nchi za umoja huo kwa jina hilo tupu lazima iwe imetengenezwa Hispania au Ureno, na kilevi chake kisipungue asilimia 4.5 wala kisifike asilimia 12. Lakini jagi la nyumbani halihitaji kibali cha mtu. Hata Wahispania wenyewe wanapokuwa kwao, wengi huchanganya tu mvinyo mwekundu na soda ya limau, nusu kwa nusu, wakauita mvinyo wa kiangazi. Vijana wa Kibaski wao huchanganya mvinyo na kola. Wajerumani wana bakuli lao kubwa la mvinyo mweupe na matunda ya msimu, ambalo huwekwa katikati ya meza na kila mtu akachotewa.

Msomaji anaweza kuuliza: mambo ya Wahispania yanatuhusu nini sisi wa Makamba, Rumonge na Muyinga? Yanatuhusu, kwa sababu jambo lenyewe si geni kwetu. Wazee wetu walikunywa impeke, pombe ya mtama, kutoka katika chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Chungu kiliwekwa katikati, na aliyekaa karibu na chungu alikuwa mgeni, si tajiri. Abashingantahe walipomaliza shauri, waliogombana walikunywa pamoja, na huo ndio ulikuwa muhuri wa hukumu.

Mimi nilizaliwa na kusoma Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora, kwenye makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Huko kulikuwa na wanzuki, pombe ya asali, maana Tabora ni nchi ya nyuki. Ilikuja katika ndoo, na kata ikazunguka. Hakuna aliyejua nani amekunywa kiasi gani kwa kutazama chupa tupu mbele yake. Tuliporudi nyumbani mwaka 2009 tulikuta chungu kimekwenda na chupa imekaa mahali pake. Kibaya zaidi, chupa imeleta madaraja: meza ya wakubwa inapewa bia ya bei kubwa, meza ya kati bia ya kawaida, na majirani waliosaidia kuchota maji wanapewa urwarwa nyuma ya nyumba. Mtu anajua cheo chake kwa kutazama kizibo.

Jagi halina kizibo. Kinachomiminwa kwa mkuu wa zoni ndicho kinachomiminwa kwa aliyebeba kuni. Katika vijiji ambamo aliyerudi na aliyebaki bado wanatazamana kwa jicho la pembeni kwa sababu ya mpaka wa shamba, jambo hilo si dogo.

Sasa tuje kwenye utengenezaji, kwani hoja isiyo na vipimo ni porojo. Kwa wageni 20, mzunguko mmoja, andaa chupa 3 za mvinyo mwekundu za sentilita 75. Chagua mvinyo mkavu, yaani usio na sukari, kwa kuwa utamu utaletwa na matunda. Ukianza na mvinyo mtamu utapata sharubati inayokera koo. Andaa pia machungwa 4, ndimu 2, nanasi 1 lililoiva na maembe 2 yaliyo magumu kidogo kama ni msimu wake. Ongeza lita 1 ya juisi ya marakuja, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita pasheni, pamoja na kijiti cha mdalasini.

Osha matunda yote vizuri kabla ya kuyakata, hata yale unayoyamenya, maana kisu hupeleka uchafu wa ganda ndani ya nyama. Kamua machungwa mawili na ndimu moja. Mengine yakate vipande vyembamba vya mviringo, ukiondoa mbegu, kwani mbegu na ile nyama nyeupe ya ganda huleta uchungu zikikaa muda mrefu. Nanasi na embe vikate vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Usitie ndizi mbivu wala papai lililolainika. Vitavurugika na kufanya kinywaji kionekane kama uji.

Weka matunda chomboni, nyunyiza sukari vijiko vinne vya chakula, acha kwa nusu saa yatoe maji yake. Kisha mimina mvinyo na juisi, tia mdalasini, funika, na uache mahali pa baridi kwa saa tatu au nne. Muda huo ndio siri yenyewe: mvinyo unaingia katika tunda na tunda linaingia katika mvinyo. Wageni wakishakaa, ndipo uongeze lita moja na robo ya soda ya limau au maji yenye gesi. Ukiitia soda mapema, gesi yote itatoka kabla mgeni hajafika.

Atakaye weupe atumie mvinyo mweupe, nanasi, ndimu na tangawizi mbichi iliyopondwa. Asiyekuwa na uwezo wa mvinyo wa zabibu atumie mvinyo wa ndizi wa kiwandani pamoja na marakuja na ndimu. Ukali wa marakuja unakata ule uzito wa ndizi. Na wale wa milimani, Mwaro na Bururi, ambako usiku wa Julai unauma, wanaweza kupasha mvinyo mwekundu pamoja na machungwa, mdalasini, karafuu na sukari, bila kuuacha uchemke, wakanywa ukiwa wa moto kama Wafaransa wafanyavyo wakati wa baridi.

Mvinyo wenyewe hatulazimiki kuutoa ng'ambo ya bahari. Dodoma, katikati ya Tanzania, hulimwa zabibu ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ulaya haliwezekani kwa sababu ya majira yao. Mizabibu ililetwa huko na wamisionari, na kituo cha utafiti cha Makutupora kimeipa nchi ile aina yake yenyewe ya zabibu nyekundu. Waliosoma uhamishoni kama mimi wanaifahamu mvinyo hiyo ya Dodoma, kavu na tamu.

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua tayari kwamba Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na katika umoja wa forodha mwaka 2009. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani ya mzigo isipozidi dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha uasilia bila ushuru wa forodha. Lakini tusidanganyane: cheti hicho hakifuti kodi za ndani, na vinywaji vyenye kilevi vina ushuru wake wa bidhaa. Ulizia Kobero au Mugina kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa. Kuvusha chupa usiku kwa njia ya panya ni kumpa mtu mwingine nafasi ya kula mtaji wako.

Tufanye hesabu sasa. Chupa 3 za mvinyo ni lita 2.25. Ukiongeza lita 1 ya juisi na lita 1.25 ya soda unapata lita 4.5, bila kuhesabu maji ya matunda. Kwa glasi ya mililita 200, hizo ni glasi 22. Kama mvinyo ulikuwa na kilevi cha asilimia 12, jagi lako lina asilimia 6. Glasi moja basi ina mililita 12 za kilevi halisi, wakati chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 yenye asilimia 5 ina mililita 36. Chupa moja ya bia ni sawa na glasi tatu za jagi.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mvinyo ni bei rahisi. Chupa moja ya mvinyo ni ghali kuliko chupa moja ya bia, na bei hubadilika kila wiki kufuatana na faranga yetu, hivyo kila mtu apige hesabu kwa bei ya siku yake. Faida ya jagi iko mahali pengine. Kwanza, lina mwisho. Unajua asubuhi kwamba umeandaa majagi mawili, glasi mbili kwa kila mgeni, kisha chakula, kisha chai. Kreti haina mwisho. Mgeni wa tatu akiomba chupa ya nne, unamtuma mtoto dukani kwa mkopo.

Pili, nusu ya jagi ni matunda na juisi, na fedha ya matunda inabaki kwetu. Inakwenda kwa yule yule mama wa vikapu sita. Machungwa yaliyobonyea kidogo safarini, ambayo mnunuzi wa dukani anayakataa, yanafaa kabisa kukamuliwa siku hiyo hiyo, mradi hayajaoza wala kuota ukungu. Wauza matunda wenye akili wangeweza kufunga fungu maalumu la jagi: machungwa, ndimu, nanasi, marakuja na kijiti cha mdalasini, kwa bei moja. Mwenye sherehe hanunui tunda moja moja, na muuzaji harudi nyumbani na mabaki.

Hata hivyo, jagi lina hatari zake, na mwalimu asiyezitaja hajafundisha. Hatari ya kwanza ni utamu. Sukari na ubaridi huficha kilevi, na mtu anakunywa glasi tano akidhani ni juisi. Mwenye sherehe amwambie kila mgeni waziwazi kilichomo. Mwenye pikipiki atakayebeba abiria usiku asipewe. Mjamzito asipewe. Na vile vipande vya matunda vinavyobaki chini ya jagi visiachwe mezani, kwani watoto huvila, na tunda lililolala ndani ya mvinyo saa nne si tunda tena.

Hatari ya pili ni barafu. Mwaka 2023 kipindupindu kilitangazwa nchini, kikianzia Bujumbura, na sisi tunaokaa kando ya ziwa Tanganyika tunajua ugonjwa huo unavyorudi. Kilevi cha asilimia 6 hakiui vijidudu vya maji machafu. Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, na juisi ya marakuja ichanganywe kwa maji hayo hayo. Barafu inayouzwa mwaloni kwa ajili ya samaki si ya kunywa, hata ukiiosha. Asiye na jokofu afunge chupa za mvinyo na soda kwa gunia lililoloweshwa na kuziweka kivulini penye upepo, au azizamishe ndani ya mtungi wa maji. Zitapoa vya kutosha.

Hatari ya tatu ni chombo. Mvinyo na ndimu vina asidi. Sufuria ya alumini au ndoo ya bati huachia ladha ya chuma, na kinywaji hubadilika rangi. Tumia kioo, chuma kisichoshika kutu, chombo cha enameli kisichobanduka au plastiki ya chakula. Na bidoni iliyowahi kubeba petroli, ambazo katika miaka ya karibuni ya uhaba zimejaa kila nyumba, isiguse kinywaji cha mgeni hata ikisuguliwa kwa mchanga na sabuni siku tatu.

Hatari ya nne ndiyo kubwa. Mapishi ya Ulaya mara nyingine huongeza pombe kali katika jagi. Hapa kwetu mtu atasikia hivyo na kutia kanyanga au gongo ili "jagi lipande". Nasema asithubutu. Matunda yanapochachuka kwa kawaida hayatoi sumu ya kutisha, lakini pombe kali isiyojulikana ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Wakenya walizika watu wengi kwa pombe ya namna hiyo mwaka 2014, na wakazika tena wengine huko Kirinyaga mwaka 2024. Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya viroba mwaka 2017. Jagi la sangria halihitaji nguvu zaidi. Uzuri wake ni kwamba halina nguvu nyingi.

Kuna ndugu zetu Waislamu, na wapo Wakristo wa makanisa yanayokataza kilevi, na wengi wao ni wafanyabiashara wenzetu na ndugu zetu wa damu. Hao wasipewe fanta ya moto kama watu waliosahauliwa. Andaa jagi la pili: juisi ya marakuja, chai nzito ya rangi iliyopoa, machungwa, nanasi, mdalasini na soda. Lipe meza yake, kata yake na glasi zake, mbali na lile la mvinyo, na mtu mmoja mwaminifu alisimamie asubuhi hadi jioni. Kumchanganyia mtu kilevi bila yeye kujua si utani, ni dhuluma.

Najua pingamizi litakalokuja. Watasema jagi ni ujanja wa bahili, kwamba anaongeza maji katika pombe ili wageni wasitosheke. Kwa hao nina jibu moja. Bahili ni yule anayetumia kidogo ilhali hajasumbuka. Aliyeamka alfajiri kuosha machungwa, akakamua, akakata nanasi, akachemsha maji, akalinda chombo saa nne nzima, huyo amekupa kitu ambacho mwenye kreti hakukupa. Kreti inanunuliwa na kijana wa mkokoteni. Jagi linaandaliwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Napendekeza basi kwamba kamati zetu za harusi, zinapokaa kupanga michango, ziache kuanza na swali la kreti ngapi. Zianze na swali la nani atakata matunda. Wazee wa familia watangulie kukubali glasi ya jagi mbele ya watu, kwani kijana hawezi kuivunja desturi hii peke yake; atasemwa. Mzee akishainua glasi, aliyekuwa anahesabu vizibo atanyamaza.

Wengi wetu tulirudi na mabegi mawili na watoto. Kidogo tulichokijenga tangu hapo kisiishie kwenye chupa tupu zinazorudishwa dukani siku ya Jumatatu. Mama wa Mugina amwoze binti yake kwa heshima, wageni wanywe, wacheke, na Jumatatu vikapu vyake sita vivuke mpaka kama kawaida.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari, anaishi Makamba. Alisoma uhamishoni nchini Tanzania.